Jengo Lisiloitikia Hodi

Mambo yalianza na kalenda. Halmashauri ya mji ilichapisha kalenda ya ukutani yenye picha kubwa ya katikati ya mji, maghorofa ya vioo yakimeremeta juani, na meya akaisifu kwenye hotuba mpaka miwani ikamteleza puani. Watu waliitundika majumbani. Wengine waliwaonyesha watoto kwa kidole: ofisi ya baba ile pale, dirisha lile la pembeni. Kisha mji mwingine, tena wa nchi nyingine, ukapiga simu kuuliza kwa nini picha yao inatumika bila ruhusa. Mpiga chapa alikuwa amechanganya, na katika mji mzima hakutokea hata mtu mmoja wa kusema hapa si kwetu.

Aibu haina dawa, lakini ina kamati. Ikaundwa Kamati ya Sura ya Mji, kazi yake kuhakikisha kwamba jengo likijengwa hapa linafanana na hapa. Mwanzoni wasanifu walidhani ni suala la mapambo. Mmoja alipandisha makuti juu kabisa ya ghorofa yake, upepo ukayachukua ukayamwaga kwenye uwanja wa polisi. Mwingine alijenga benki yenye umbo la chungu, na wateja wakawa wanaizunguka kutwa wakitafuta mlango. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuamsha dawati la nyuma, alisema huko ni kumpaka punda mistari ukamwita pundamilia. Akatunga kanuni yake. Hakuna jengo refu litakalofunguliwa mpaka mtu aliyekuwa akikaa kwenye kiwanja kile zamani aingie kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa wala kuahidiwa soda, aingie kama anavyoingia kwake. Akiingia, jengo lina sura. Akigoma, hilo si jengo, ni kalenda.

Ilikuwa kanuni ya kiwendawazimu, na ilifuatwa. Kiwanja kimoja hakikuwahi kukaliwa na yeyote isipokuwa bata, kwa hiyo wakaitwa bata. Waliingia kwa mstari, wakachafua zulia, wakajikunyata chini ya kaunta, na jengo likafunguliwa siku hiyo hiyo. Wasanifu wote wakawa wanaota viwanja vya bata.

Vioo hakupata bata. Alipata mama yake.

Vioo lilikuwa jina la kupachikwa tu. Alikuwa msanifu wa majengo, na mtaa ulimwita hivyo kwa sababu hata ungempa kazi ya banda la mbuzi, angekuchorea mbuzi waonekane kutoka barabarani. Kiwanja kilikuwa cha mama yake, nyumba ya chini yenye kibaraza na paa lililokuwa likivuja kila mwaka mahali papya. Tajiri mmoja alileta fedha, Vioo akaleta ramani, mama akatoa ardhi, na makubaliano yalikuwa kwamba ghorofa ya juu kabisa itakuwa ya mama, yote, mpaka anaingia kaburini. Majirani wazee walimnong'oneza mama kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini tuseme ukweli, mama alikubali mwenyewe. Alitaka paa lisilovuja kama mtu mwingine yeyote. Alichosema ni kwamba siku ya kubomoa wataizungumza akirudi kutoka kwa binti yake, aliyekuwa karibu kujifungua.

Vioo hakusubiri. Alitaka kumfurahisha mama kwa ghafla, na watu wanaopenda kufurahisha wenzao kwa ghafla mtu awaogope. Mama aliporudi na begi lake la nguo alikuta shimo, na ndani ya shimo katapila, na pembeni ya shimo mwanawe akitabasamu kama aliyefaulu mtihani. Kisha akauliza, "Na kuku?" Vioo akamwambia kuku wako salama, kawahamisha wote. Mama akaitikia kwa kichwa, akabeba begi lake. Vioo aliwasimulia watu kwamba mama alifurahi mpaka akakosa maneno, na aliwasimulia mara nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe aliamini.

Muda wote wa ujenzi mama alilala sebuleni kwa Vioo, kwenye kochi linalokunjuliwa. Kila asubuhi alikunja shuka akalitia kwenye begi, akafunga zipu, akaliweka karibu na mlango kama mtu anayengoja basi. Akitaka maji ya baridi aliomba ruhusa ya kufungua friji. Vioo alimkataza, alimbembeleza, mara moja hata alimfokea, lakini mama aliendelea kuomba kwa upole uleule. Jambo hili lilimkata Vioo maini. Mzazi akikuomba ruhusa ya kunywa maji, ujue umemfanya mgeni, na Vioo alijua fika kwamba mama hana tena mahali duniani anapoweza kufungua kitu bila kuomba. Kwa hiyo aliharakisha jengo. Aliwanyima mafundi usingizi, alibadilisha lifti iliyochelewa kwa lifti nyingine, na jengo likasimama, refu, buluu, zuri kweli. Mimi nisiyependa vioo nasema lilikuwa zuri.

Siku ya ufunguzi kamati ilikuja na viti vyake. Tajiri alishika mkasi wa kukatia utepe. Mama akavishwa gauni jipya, akapanda ngazi za mbele taratibu, na alipokuwa bado yuko mbali mlango wa kioo ukamwona kwa lile jicho lake la umeme, ukafunguka wenyewe. Mama akasimama. Akarudi nyuma hatua moja, mlango ukajifunga. Akasogea, ukafunguka. Akarudi, ukajifunga. Akamgeukia mwanawe.

"Mlango wako una kiherehere," alisema. "Sijapiga hodi."

Vioo alimwambia apige tu. Mama akapiga hodi, sauti ya kawaida, ya mtu mwenye adabu. Ndani kulikuwa na marumaru, mti wa plastiki na ukimya. Akapiga ya pili na ya tatu. Kisha akashuka ngazi na kurudi kwenye gari, kwa sababu hodi, kila mtu anajua, ni tatu, na usipojibiwa unaondoka. Mwenyekiti alifunga kalamu yake akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hayupo, sasa atapona nani? Viti vikakunjwa.

Tajiri hakuwa mtu wa kushindwa na hodi. Aliamuru jicho la umeme lizimwe na dada wa mapokezi awekwe nyuma ya mlango. Mama akaletwa tena, akapiga hodi, na dada akaitikia vizuri sana, karibu mama, una miadi na nani? Mama akauliza kama amekaribishwa au anahojiwa. Dada, ambaye hakuwa na kosa lolote, akaomba kitambulisho. Mama akarudi kwenye gari.

Ikafuata sauti ya kurekodi. Walimtafuta mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza watoto, wakarekodi neno moja tu, karibu, wakalifunga juu ya mlango pamoja na kifaa cha kusikia. Kifaa kilisikia vizuri mno. Gari likipiga honi, karibu. Mtu akipiga chafya, karibu. Wabeba mizigo wawili walitukanana kwenye ngazi, tusi kwa tusi, na kila tusi likakaribishwa. Mama alipofika alikaa na ile sauti kwa muda mrefu, akijitahidi kwa haki zote. Aliiuliza hamjambo humu, ikasema karibu. Akauliza watoto wazima, ikasema karibu. Akauliza kwa huruma, "Mmefiwa?" Ikasema karibu, kwa furaha ileile. Mama akatikisa kichwa, akaipa pole, akaondoka.

Hapo ndipo mji ulipoingiwa na wazimu kamili. Magazeti yaliandika kwamba mama mmoja amegoma kuingia kwenye jengo lisiloitikia hodi, na watu ambao kwa miaka walikuwa wakipita milango ile kimya kimya, vichwa chini, wakagundua kwamba wamedharauliwa. Wakaanza kugoma na wao. Foleni za watu wanaopiga hodi zilijaa mbele ya benki. Ndani ya lifti watu walisimama ghorofa ya tisa mlango ukiwa wazi, hawatoki, mpaka mtu wa ghorofa ya tisa aje awakaribishe, na wa ghorofa ya tisa walikuwa ghorofa ya tatu wakingoja vivyo hivyo. Zimamoto waliitwa kwenye jengo moja lenye moshi wakapiga hodi tatu, hawakujibiwa, wakarudi kituoni. Bahati njema ulikuwa moshi wa mkate ulioungua. Kamati ilifurahi kupita kiasi. Mwenyekiti alisema sasa ukipiga picha ya mji huu huwezi kuikosea, utaona watu wote wako nje.

Kila jengo likaajiri Afisa Hodi. Chuo kikafungua kozi. Tajiri alimchukua aliyefaulu kuliko wote, kijana mtanashati mwenye tai, aliyeweza kuitikia hodi kwa namna ya kukufanya ujione umetoka safari ndefu. Mama alipopiga hodi, kijana akaitikia vizuri mpaka Vioo mwenyewe akataka kuingia. Mama alipanda ngazi moja zaidi kuliko siku zote. Kisha akamuuliza kijana kama anakaa humo. Kijana akajibu kwa ukweli kwamba anakaa mbali, na jioni anatoka mapema kuwahi basi.

"Sasa wewe unanikaribishaje," mama akamuuliza, "kwenye nyumba ambayo ukitoka unafurahi?"

Kijana akaanza kupekua daftari lake la chuo. Tajiri alimvuta Vioo pembeni akamwambia maneno machache. Kamati itakuja mara moja tu tena. Mama asipoingia, yeye atawarudishia ardhi yao na jengo juu yake, wakaishi nalo, na atakwenda kujenga kwingine, mahali penye bata.

Jumapili mchana Vioo alimkuta mama sebuleni akichambua mchele kwenye ungo, begi lake mlangoni. Akaketi chini, miguu imenyooka, jinsi alivyokuwa akikaa zamani. Alikuwa amechoka, na uchovu ulimwondolea ufundi wa maneno. Akamuuliza mama anataka nini hasa. Kama ni mlango, atang'oa mlango. Kama ni jengo zima, aseme.

Mama alitoa kijiwe, akakitupa dirishani.

"Ile mashine yako ya shimoni," alisema, "siku ile ilipiga hodi?"

Vioo alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Baba yako alifia mle ndani," mama aliendelea, mkono bado unachambua. "Wewe ulikuwa ukirudi shule unapiga hodi, na ni kwenu. Nikikuuliza kwa nini, unasema mama, nisije nikakukuta unavaa. Hata mdai alipiga hodi. Hata mwizi aliyekuja mara moja alikohoa kwanza. Siku ya mashine hakuna aliyesema kitu. Mimi sikuwepo, ni kweli. Lakini nyumba ilikuwepo."

Vioo alianza kuomba radhi, na alikuwa anaiomba kwa moyo. Mama akamkatiza. Alisema hajamwomba aombe radhi, amemuuliza kama alipiga hodi. Vioo akajibu kwamba hakupiga. Mama akasema basi, akaendelea na mchele, na Vioo alikaa pale sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi, akijua kwamba hakuna ramani ya kurekebisha jambo hili.

Ila Vioo alikuwa msanifu, na msanifu hajui kuhuzunika bila kupima. Alitoa ramani ya zamani ya nyumba, akailaza juu ya ramani mpya, akasogeza hadi pembe za kiwanja zikalingana. Jengo lilikuwa limeinuliwa juu ya nguzo, magari yakikaa chini, usawa wa ardhi. Sebule ya mama iliangukia kwenye maegesho. Jiko lilikuwa kwenye njia ya kutokea magari. Chumba chake cha kulala kilikuwa mahali pa kuegesha palipoandikwa kwa rangi ya njano jina la cheo cha Tajiri, na mlango wa mbele ulikuwa kati ya nguzo mbili, hapo penye doa la oili.

Siku ya mwisho ilipofika kamati ilipanga viti vyake kwenye ngazi za mbele, na Vioo akawaomba wavihamishie maegesho. Walihama wakinung'unika. Kisha akamfuata Tajiri, akamwambia kwa heshima zote aondoe gari lake.

"Kwa nini?" Tajiri akauliza.

"Liko chumbani kwa mama."

Tajiri aliangalia watu wa kamati, akaona wote wanamtazama kama mtu aliyefumaniwa, akaliondoa. Mama alikuwa amesimama pembeni na gauni lake la zamani. Vioo akamwonyesha zile nguzo mbili, hakusema kitu kingine. Mama aliangalia juu, akaangalia doa la oili, akavuta hatua kidogo kulia kana kwamba anasahihisha ramani kwa jinsi mguu wake unavyokumbuka, akapita katikati ya nguzo bila kupiga hodi. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Alipofika ndani alipinda kushoto kukwepa kitu ambacho hakipo, akasimama.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuelewa. Akainuka polepole, akamnong'oneza Tajiri kwamba mama ameingia. Kwa miguu yake, bila kusukumwa, kama anavyoingia kwake. Tajiri nusura alie. Akainua mkasi, akaita watu walete utepe huku chini, akamshika Vioo bega akimwambia yamekwisha, kaka, yamekwisha, tukate.

Vioo akautoa mkono ule begani, taratibu. Alikwenda akasimama nje ya nguzo mbili, mbele ya doa la oili, mikono imeshikana mbele kama mtoto aliyetumwa.

"Hodi," alisema.

Mama alimpa mgongo. Mahali fulani juu lifti ililia kengele. Mwenyekiti akaketi tena bila kuambiwa.

"Hodi," Vioo akasema mara ya pili, na sauti ilikuwa imepungua.

Tajiri alimhimiza kwa ishara aingie tu, mlango uko wapi, ni hewa hiyo, hata mtoto anaona. Vioo hakumtazama. Alikuwa akiona kitasa, na kofia ya baba yake imetundikwa nyuma ya mlango, na alihisi woga wa kweli, woga wa mtu anayejua kwamba safari hii anaweza kukataliwa na akataliwe kwa haki.

"Hodi."

Hakuna aliyejibu. Alingoja kadiri mtu anavyopaswa kungoja. Kisha akageuka aondoke, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hapigi hodi ya nne. Tajiri alimwuliza anakwenda wapi, Mwenyekiti alimwambia jengo limeshapita, na yeye akaendelea kutembea kuelekea barabarani, akiwapita wote, machozi yakimtoka bila aibu, na kila aliyemwona akajua kwamba hatarudi humo tena, wala ghorofani wala chini.

"Una haraka gani wewe?" mama akasema nyuma yake. "Nilikuwa navaa."

Vioo akasimama.

"Karibu," mama akasema. "Vua viatu, nimeshafagia."

Akarudi. Alivua viatu kati ya nguzo, akaviweka sambamba, akaingia na soksi juu ya saruji. Mama akamwonyesha pa kukaa, akamwonya asipite pale, pana meza, naye akaizunguka meza akaketi chini, na mama akaketi mkabala naye, wakaanza kuulizana hali kama watu ambao hawajaonana tangu zamani.

Tajiri alikuja na mkasi wake hadi nje ya nguzo. Alisita, akaangalia viatu, akakohoa. Akasema hodi, kwa sauti ya mtu asiyeizoea.

"Ngoja hapo nje," mama akamwambia. "Naongea na mwanangu."